Majeruhi wa treni tunaowapokea dharura: mengi yanaamuliwa pale relini kabla hawajatufikia

#1 ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuahirisha sana, ila juzi nimetoka zamu nikaona nisipoandika sasa sitaandika tena. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, mwaka wa 11 huu. Tulimpokea kijana ambaye gurudumu la treni lilimpitia mguu chini ya goti. Yale ya kumtambulisha nimeyabadilisha, yaliyobaki ni kama yalivyokuwa.

Alikuja na mkanda wa suruali umefungwa juu ya goti. Aliyemfunga alikuwa na nia njema kabisa, lakini mkanda wa ngozi ukivutwa kwa mkono haukazi inavyotakiwa. Ulibana mishipa ya juujuu inayorudisha damu moyoni, ile mikubwa ya ndani inayoleta damu ikaendelea kusukuma. Kwa hiyo mguu ulivuja kuliko ambavyo ungevuja usingefungwa kabisa. Kwenye kidonda kulikuwa na kokoto tatu nyeusi na grisi ya reli. Mguu wenyewe ulikuja ndani ya mfuko wa plastiki, kiatu kimo, kamba zake zimefungwa vizuri kama alivyozifunga asubuhi. Akanishika mkono akaniuliza, "Dada, kiatu kimeharibika?"

Yuko hai. Alipasuliwa usiku ule ule, na damu za watu asiowajua ndizo zilizomvusha.

Ajali ya treni ikitajwa, mawazo ya wengi yanakwenda kwenye zile kubwa. Igandu, Dodoma, 24 Juni 2002: treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi kinyumenyume mpaka ikagongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Eschede, Ujerumani, 3 Juni 1998: gurudumu moja lilipasuka kwa chuma kuchoka, watu 101 wakafa. Balasore, India, 2 Juni 2023, waliokufa walikaribia 300. Hizo zinaundiwa tume na zinawekewa minara ya kumbukumbu. Lakini wanaotufikia sisi wiki hadi wiki hawatoki kwenye behewa lililopinduka. Wanakuja mmoja mmoja. Aliyekatiza reli, aliyeruka treni haijasimama, aliyedandia paa, aliyeteleza kati ya jukwaa na behewa. Asubuhi yake hakuna hata mstari mmoja gazetini.

Nilichokuja kusema ni hiki: kwa hawa, kufa na kupona kunaamuliwa kwa sehemu kubwa pale pale kwenye kokoto, na watu ambao hawajawahi kuvaa glavu maishani mwao. Anayetufikia akiwa anapumua na damu yake imezuiwa, mara nyingi tunatoka naye. Anayefika damu imekwisha, hata kama daktari bingwa yuko mlangoni anamsubiri, tumechelewa wote.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua.

---

#2 Kipepeo22

Pole sana na kazi dada. Hilo swali la kiatu limenikaa kooni.

Mimi naomba kuelewa kitu kimoja. Aliyegongwa na treni ana tofauti gani na aliyegongwa na gari? Si kugongwa ni kugongwa?

---

#3 ZamuYaUsiku

Asante Kipepeo. Tofauti ipo, na inatusaidia kujua wapi pa kutazama kwanza.

Gari dogo lina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mara nyingi dereva amekwisha kukanyaga breki kabla halijamfikia mtu. Treni ina mamia ya tani, ya mizigo inapita maelfu, na inapomfikia mtu mwendo wake haujapungua cha kusema. Aliyesimama katikati ya reli akagongwa uso kwa uso na kichwa cha treni, wengi hawafiki kwetu. Wanakwenda moja kwa moja chumba cha maiti. Tunaowaona ni wale waliopigwa pembeni. Watu husahau kwamba behewa ni pana kuliko reli, linatokeza nje kila upande. Mtu anatembea kando akiamini yuko salama, ngazi au kona ya behewa inampiga bega, anarushwa mita kadhaa. Huyu anaweza kuja anaongea, ana mchubuko tu begani. Ukimpima kwa haraka haraka utasema ana bahati. Ndani fuvu limepata ufa, mbavu zimetoboa pafu, wengu umepasuka, nyonga imefunguka kama kitabu.

Nyonga naiogopa kuliko mguu uliokatika. Mguu unavuja mbele ya macho yako. Nyonga iliyovunjika inavuja ndani kwa ndani, lita mbili au tatu zinaingia bila hata tone kugusa sakafu. Na kijana mwenye afya anakudanganya: anaweza kupoteza lita moja na nusu ya damu presha yake ikiwa bado inasomeka vizuri. Kinachomsaliti ni mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono ya baridi, na ile hali ya kuhangaika, anataka kukaa, anataka kulala, anaomba maji. Mgonjwa wa treni akianza kuomba maji na kugeukageuka, mimi huita watu.

Halafu kuna waliopitiwa na gurudumu. Gurudumu na reli vinafanya kazi mbili kwa pamoja, vinakata kama mkasi na kusaga kama jiwe. Ndiyo maana kiungo kilichokatwa na treni ni nadra kurudishwa. Kisu kinaacha kingo safi zinazoshoneka. Treni inaacha misuli iliyopondwa, mishipa iliyovutwa ikakatikia mbali na kidonda, grisi, kutu na mchanga mpaka ndani ya mfupa. Mara nyingi daktari wa upasuaji hulazimika kukata tena juu zaidi ili apate nyama hai ya kufunikia mfupa.

Na jambo moja linalowapotosha wasamaria wema: mguu wa namna hiyo unaweza usitoe damu nyingi dakika za mwanzo. Mshipa uliopondwa hujikunja na kujifunga wenyewe. Watu wanasema "damu imekata, twendeni taratibu". Presha ikipanda kidogo, au mguu ukitikiswa kwenye gari, unafunguka.

---

#4 Sauti_ya_Radi

Pole zangu kwa wote, ila tuseme ukweli. Treni haiachi njia yake ikamfuata mtu kwake. Reli inaonekana, honi inapigwa. Wengi wa hawa ni uzembe, simu masikioni, na pombe. Tunapoteza damu na vitanda kwa watu waliojitakia.

---

#5 ZamuYaUsiku

Ndugu yangu, pombe ipo, siwezi kukataa, tunaisikia harufu yake. Simu zipo. Lakini nakuomba nikueleze kitu ambacho wengi hawakijui.

Jicho la binadamu ni baya sana katika kupima mwendo wa kitu kikubwa kinachomjia usoni. Kadiri kitu kilivyo kikubwa ndivyo akili inavyokiona kinakuja polepole. Ndege kubwa ikitua unaona kama inaelea, wakati mwendo wake ni mkali. Treni ni hivyo hivyo. Ukiwa katikati ya reli unaitazama, umbo lake halikui kwa muda, halafu ghafla imejaa. Na sauti ya magurudumu unaisikia zaidi treni ikiwa ubavuni mwako kuliko ikiwa mbele yako, hasa hizi za umeme. Mtu mzima, mwenye akili zake, hajaonja pombe, anaangalia, anaona treni, anapiga hesabu, anavuka. Hesabu ndiyo iliyomdanganya.

Ongeza njia mbili za reli. Treni moja imepita, mtu anaona mkia wake unaondoka, anavuka. Ya pili inatoka upande wa pili, imefichwa na ile ya kwanza. Nimepokea wa namna hii zaidi ya mara moja.

Na hata angekuwa mlevi. Akiwa juu ya machela hatumuulizi sababu kwanza. Tunakata nguo, tunatafuta mshipa.

---

#6 Mzee_wa_Mataruma

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nimeendesha treni miaka 27, nimestaafu. Nataka niongeze la upande wetu, maana hatuulizwi.

Watu wanauliza kwa nini dereva hakusimama. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ukivuta breki zote inataka kilomita nzima na zaidi ndipo isimame. Chuma juu ya chuma, hakuna kinachong'ang'ania. Usukani hatuna. Ukimwona mtu kwenye reli una kazi mbili tu, breki na honi. Ukishafanya hizo mbili, kilichobaki ni kutazama. Wenzangu wengine hufumba macho au huinama. Mimi sikuweza kufumba.

Wamenipita watatu kwa miaka yote hiyo. Wa kwanza nilikuwa na umri wa miaka 31. Alikuwa amenipa mgongo, shati la bluu. Nilipiga honi mpaka mkono ukafa ganzi. Treni iliposimama nilitembea kurudi nyuma kando ya mabehewa, ni mwendo mrefu ule, unahesabu mabehewa huku unajua unachokiendea. Alikuwa bado hai. Nikamfunika koti langu. Gari likaja wakamchukua na koti. Sijui alifika, sijui hakufika. Hakuna aliyeniambia, na sikujua nimuulize nani.

Swali ninalolala nalo ni moja tu. Je, honi aliisikia?

---

#7 ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee wangu.

Koti ulilomfunika lilikuwa tiba, nataka ujue hilo. Mwili ukipoa damu haigandi. Baridi, tindikali kwenye damu na damu kutoganda, hayo matatu yakishikana yanamshusha mgonjwa kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Kuna majeruhi tunaowapokea wamevuliwa kila kitu wameachwa kwenye upepo, tunaanza kwanza kupigana na baridi. Wewe ulimfunika.

Sisi nasi hatujui nani alikuwa anaendesha. Kwenye karatasi ya mapokezi huwa inaandikwa "kagongwa na treni", basi.

---

#8 Mzee_wa_Mataruma

Marahaba binti. Sikulijua hilo la koti.

---

#9 Tabibu_Msaidizi

Dada ZamuYaUsiku, nakuunga mkono kwa mengi, lakini hapo kwenye kufunga mguu tuwe waangalifu. Sisi tulifundishwa kwamba kamba ya kubana damu ni silaha ya mwisho kabisa, kwamba unaua mguu mzima ili kuokoa kidonda. Raia wakiambiwa wafunge watafunga kila mchubuko.

---

#10 ZamuYaUsiku

Tabibu, nami nilifundishwa hivyo hivyo, na nilikuwa naamini. Vita vya Iraq na Afghanistan ndivyo vilivyobadilisha fundisho hilo, kwa sababu askari waliofungwa mapema, kabla presha haijaanguka kwa kupoteza damu, walipona kuliko waliofungwa presha ikiwa imekwisha kuanguka. Mguu unavumilia kubanwa kwa saa mbili hivi bila madhara makubwa ya kudumu. Mtu anayemwaga damu kutoka mshipa mkubwa wa paja hana hata dakika kumi.

Lakini uko sahihi kwamba isiwe kwa kila mchubuko. Kwa hiyo niseme ninavyomwambia ndugu yangu wa nyumbani.

Kabla ya yote, hakikisha hakuna treni nyingine inayokuja, na kama kuna nyaya za umeme, usimsogelee mtu mpaka wahusika wathibitishe zimezimwa. Maiti mbili hazimsaidii mtu.

Ukimfikia, damu inayotoka kwa nguvu au inayotengeneza dimbwi, kandamiza. Kitambaa chochote safi, mikono miwili, uzito wako wote wa mwili, viwiko vimenyooka. Usifunuefunue kuchungulia. Kidonda kikiwa kwenye kinena ambapo hapafungiki, sindilia kitambaa ndani ya kidonda mpaka kijae halafu ukandamize. Kwa mguu au mkono uliokatika, funga kwa kitu kipana kama vidole vitatu, juu ya kidonda kwa upana wa kiganja hivi, usifunge juu ya kiungo chenyewe. Fundo, weka kijiti imara juu yake, fundo la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome. Kijiti ndicho siri yake, mkanda mtupu hautoshi. Atapiga kelele. Itauma kuliko jeraha lenyewe, na hapo ndipo wengi hulegeza kwa huruma. Usilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake, na usifungue, tutafungua sisi.

Aliyepigwa pembeni usimkalishe, usimnyweshe maji, usimbebe mikono na miguu kama gunia. Shingo na uti wa mgongo huenda vimevunjika na bado mishipa ya fahamu haijakatika. Asije akaikata anayembeba.

Na ukiona kiungo kilichokatika, kilete hata kama kimeharibika, maana ngozi yake wakati mwingine hutumika kufunika. Kifute uchafu wa juu, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko usiovuja, ndipo mfuko huo uuweke kwenye maji ya barafu. Barafu isiguse nyama. Tumeletewa kiungo kilichozikwa ndani ya barafu tupu, kimeungua kwa baridi.

---

#11 Hatua_kwa_Hatua

Nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Mimi ni mmoja wenu wa kwenye machela. Miaka 9 sasa. Mguu wa kulia, juu ya goti. Sikuwa nimelewa, sikuwa na simu, Ndugu Radi, na sikulaumu kwa ulivyofikiri, nami ningefikiri hivyo. Nilikuwa natoka kazini. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, nikasubiri mpaka mkia wake ukapita, nikavuka. Kulikuwa na njia ya pili.

Ninachokumbuka ni kimya. Halafu mwanamke mmoja, sijui alitokea wapi, alipiga magoti juu ya paja langu, yote mawili, akabaki hapo. Ananiambia "usilale, nitajie majina ya watoto wako". Sikuwa na watoto. Nikawa namtajia majina ya wadogo zangu. Alikaa juu yangu mpaka gari la wagonjwa likaja, nikasikia mtu anamwambia "mama toka sasa", naye anakataa. Uso wake siukumbuki. Magoti yake nayakumbuka mpaka leo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandalia ni mguu usiokuwepo kuuma. Vidole vinakunjamana na haviko. Kisigino kinawasha na hakiko. Mwaka wa kwanza niliona aibu kusema, nikidhani nimechanganyikiwa. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyeniwekea kioo kati ya miguu, nikawa naangalia mguu mzima kwenye kioo huku nakunja na kukunjua vidole. Ulipungua. Haujaisha.

---

#12 ZamuYaUsiku

Hatua, karibu sana, na asante.

Yule mama, kama alijua au hakujua, alikubana mshipa mkuu wa paja kwenye mfupa. Kwa mguu uliokatika juu namna hiyo, nafasi ya kufungia kamba huwa ndogo. Magoti yake ndiyo yaliyokuwa kamba yako.

---

#13 Bint_Nuru

Samahani kama swali ni zito. Niliwahi kushuhudia stesheni mtu amebanwa kati ya jukwaa na behewa, kiunoni. Alikuwa anaongea kabisa, akapiga simu mpaka nyumbani. Sote tulikuwa tunashangilia kwamba amepona, wakasogeza treni, akafa mbele yetu ndani ya dakika chache. Sijawahi kuelewa. Tulimuua sisi?

---

#14 ZamuYaUsiku

Mpenzi, hapana. Hamkumuua.

Behewa lilikuwa limembana, na kule kubana ndiko kulikokuwa kunazuia damu ya nyonga na tumbo kumwagika. Lilipoondoka, kizibo kikatoka. Wakati mwingine kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Misuli mikubwa ikibanwa kwa muda mrefu, saa moja na kuendelea, inakufa na kukusanya sumu, kubwa yao potasiamu. Ukiondoa kizito kilichobana, damu inarudi, inaibeba potasiamu yote kwa mkupuo mpaka moyoni, moyo unasimama. Asiyekufa hapo, figo zake zinaziba kwa mabaki ya misuli, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, na siku chache baadaye anahitaji mashine ya kusafisha damu.

Daktari Bywaters na wenzake ndio waliolieleza tatizo hili vizuri mwaka 1941, kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu London. Lakini kwenye reli somo lilikuja kwa uchungu Granville, Sydney, 18 Januari 1977, treni ilipoacha njia ikagonga nguzo za daraja na daraja likaangukia mabehewa. Walikufa watu 83. Miongoni mwao kulikuwa na watu waliokuwa wanaongea na waokoaji kwa saa kadhaa chini ya zege, zege likainuliwa, wakafa muda mfupi baadaye. Nikisoma habari zile nawaza waokoaji wale zaidi ya kitu kingine. Walifanya kila walichojua.

Amagasaki, Japani, 25 Aprili 2005, treni iliingia kwenye kona kwa kilomita 116 kwa saa mahali palipotakiwa 70, ikajibamiza kwenye jengo la ghorofa, watu 107 wakafa. Pale madaktari waliingia wenyewe ndani ya mabehewa yaliyokunjika, wakatambaa, wakawatundikia dripu za maji ya chumvi waliobanwa kabla hawajatolewa. Utaratibu ndio huo sasa: dripu kwanza, kiwango kikubwa, isiwe ile yenye potasiamu, dawa za moyo ziwe mkononi, damu iwe tayari, daktari wa upasuaji awepo, ndipo kizito kiondolewe. Kwa hiyo ukiona waokoaji wamemfikia mtu aliyebanwa na hawamtoi, usiwapigie kelele "mtoeni". Huenda wanamwandaa.

Yule wenu, kwa maelezo yako, hata sisi tungekuwepo huenda tusingeweza. Alipata kuzungumza na nyumbani.

---

#15 Bint_Nuru

Asante dada. Miaka sita nimelibeba hili.

---

#16 Kipepeo22

Na hizo ajali kubwa, hospitali inafanyaje watu mia wakija pamoja? Mnaanza na nani?

---

#17 ZamuYaUsiku

Tunaanza na wasiopiga kelele. Anayepiga kelele anapumua. Wanaotembea hutufikia kwanza, kwa bodaboda, kwa magari ya watu binafsi, wanajaza vitanda vya hospitali iliyo karibu zaidi, kisha waliobanwa na walioumia vibaya wanafika saa moja au mbili baadaye na kukuta hakuna nafasi. Kwa hiyo muuguzi mzoefu husimama mlangoni na kuwagawa, naye hatibu mtu. Ni kazi ngumu kuliko kutibu, maana macho yako yanaona na mikono yako inakatazwa.

Harrow, Uingereza, 8 Oktoba 1952, treni tatu ziligongana, watu 112 wakafa. Alikuwepo muuguzi wa jeshi la anga la Marekani, Abbie Sweetwine, aliyekuwa anawaainisha majeruhi pale jukwaani. Akatumia rangi yake ya midomo, akawachora alama ya X usoni waliokwisha kuhudumiwa. Mimi tangu nilipolisoma hilo, mfukoni nina kalamu ya wino mzito kila zamu.

---

#18 Tabibu_Msaidizi

Nimesoma jibu lako la #10 mara mbili, nimekubali. Naongezea: dawa ya tranexamic, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, iingie mapema. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha inapunguza vifo kwa wanaovuja damu ikitolewa ndani ya saa tatu. Ikichelewa zaidi ya hapo inaweza hata kudhuru. Pia sindano ya pepopunda na antibiotiki ndani ya saa ya kwanza kwa mfupa ulio wazi. Kwenye reli uchafu wake si wa kawaida.

Na walionaswa na umeme wa juu ya treni tusiwasahau. Volti 25,000 haihitaji kuguswa, inaruka hewani. Ngozi inaonyesha vidonda viwili vidogo, pa kuingilia na pa kutokea, ndani misuli yote imepikwa. Na wamedondoka kutoka kwenye paa juu ya hayo.

---

#19 ZamuYaUsiku

Kabisa Tabibu. Hao figo zao ni kama za waliobanwa, na mkono unaweza kuvimba mpaka tukalazimika kuchana utando wa misuli ili damu ipite. Wengi ni vijana wa miaka 15 hadi 20.

Kuna mtu ameniuliza faraghani kuhusu wale ambao hawakuteleza wala hawakukosea hesabu. Nimemwomba ruhusa nijibu hapa. Wapo. Tunawapokea na tunawatibu sawasawa na wengine, na mimi sikubali mtu yeyote kwenye zamu yangu amwambie mgonjwa wa namna hiyo neno la kumsuta. Walio wengi kati ya walionusurika hawaji kufa kwa mikono yao baadaye. Ile saa ilikuwa mbaya, saa nyingine zinakuja. Nimewahi kukaa na mmoja alfajiri, hajasema neno siku mbili, akaniomba nimfungulie dirisha. Ukiwa na mtu unayemhofia, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ukae naye, umtafutie wa kuzungumza naye siku hiyo hiyo. Na wewe uliyeniandikia, nimekujibu kule, naomba unijibu ukiona.

---

#20 Sauti_ya_Radi

Dada, Hatua, mzee. Niliyoandika #4 nayarudisha. Mdogo wangu anavuka reli yenye njia mbili kila siku kwenda kazini. Nimempigia sasa hivi.

---

#21 Hatua_kwa_Hatua

Mzee wa Mataruma, shikamoo. Nimerudi kwa ajili yako.

Dereva wa treni ile simjui. Nilisikia baadaye kwamba alishuka akaja kwa miguu, akakaa chini kwenye kokoto mbali kidogo, hakuweza kusogea zaidi. Siku nyingi nimetamani ajue kwamba niko hai, nina kazi, nina binti wa miaka 4. Simpati wa kumwambia, basi nakwambia wewe.

---

#22 Mzee_wa_Mataruma

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara tatu, nimemwita na mama watoto naye asome.

Naomba nikuulize, kama unaweza. Honi uliisikia?

---

#23 Hatua_kwa_Hatua

Niliisikia mzee. Vizuri kabisa. Nilidhani ni ya ile iliyopita.